Uwanja wa Mpira wa Garissa

Msafiri atokaye Nairobi kwenda Garissa ana safari ya maili 230 hivi mbele yake. Hupita Thika, hupita Mwingi, kisha vilima humwishia nyuma naye huanza kushuka taratibu katika nchi tambarare ya vumbi na miti ya miiba. Saa nyingi hupita asione jambo jipya ila mbuzi, ngamia na wachungaji wao. Afikapo Madogo huona ghafula ukanda wa miti ya kijani kibichi uliokata nchi kama mpaka. Hapo ndipo upitapo mto Tana, mto ulio mrefu kuliko yote katika Kenya. Akiisha kuvuka daraja yumo Garissa.

Mji huu uko chini, yapata futi 500 tu juu ya usawa wa bahari, na jua lake halina huruma. Kando ya mto kuna mashamba ya migomba, miembe na mipapai. Ukiyaacha mashamba hayo mwendo mfupi tu, unarudi katika mchanga. Soko lake la mifugo lina sifa kubwa katika Afrika ya Mashariki, na ng'ombe waliokuja kwa miguu kutoka mbali huuzwa hapo na kupakiwa katika malori. Mitaa ya mji huitwa bulla. Sehemu moja kubwa yaitwa Iftin, maana yake kwa Kisomali ni mwanga. Nyingine yaitwa Waberi, maana yake alfajiri.

Mgeni atakaye kuujua mji huu asiende sokoni tu. Na angoje mpaka swala ya alasiri iishe, saa kumi na kitu, jua linapoanza kupunguza ukali wake. Wakati huo vijana hutoka katika kila bulla. Mawe mawili huwa ni goli, na mawe mengine mawili ni goli la pili. Mmoja ana viatu, mwenzake ana kandambili, wa tatu yu miguu mitupu. Kelele huwa nyingi na vumbi jingi, hata msikiti uadhini magharibi. Hapo mpira husimama, wachezaji hukung'uta nguo wakaenda kutawadha. Basi mchezo wa Garissa una kama saa mbili tu kila siku, baina ya ukali wa jua na adhana. Yafaa msomaji alikumbuke jambo hili, kwa maana tutaona mbele kwamba hata saa mbili hizo hazikuwa salama siku zote.

KIWANJA CHA SERIKALI

Katika kila kituo cha serikali cha zamani palikuwa na mahali peupe karibu na boma. Mahali hapo palikuwa na mlingoti wa bendera, na kazi zake zilikuwa nyingi. Asubuhi askari walifanya gwaride. Siku ya baraza machifu na wazee walikaa chini wakasikiliza amri mpya. Siku ya kuhesabu watu au mifugo, watu na mifugo waliletwa hapo hapo. Jioni, kazi zilipokwisha, makarani, walimu na askari waliotoka mikoa mingine walileta mpira wakaupiga. Hivyo ndivyo mchezo huu ulivyoingia katika vituo vingi vya bara, nao ulishika njia hiyo hiyo kuelekea Kaskazini.

Lakini Kaskazini ulichelewa, na sababu yake si ngumu kuijua. Mwaka 1926 timu za Kenya na Uganda zilikutana Nairobi kushindania kikombe cha Gossage, kilichotolewa na watengenezaji wa sabuni wa Uingereza. Na mashindano hayo ndiyo yaliyokuwa mzizi wa mashindano ya mataifa ya Afrika ya Mashariki na ya Kati. Mwaka huo huo wa 1926 Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, ambayo watu wengi waliijua kwa herufi N.F.D., ilitangazwa kuwa wilaya iliyofungwa. Mtu wa nje hakuweza kuingia bila cheti, wala mtu wa ndani hakuweza kutoka bila cheti. Mwaka 1934 sheria nyingine ikawapa maofisa wa wilaya nguvu zaidi juu ya makabila yaliyokuwamo.

Mkulima wa Nyeri au karani wa Kisumu aweza kuuliza, sheria ya vyeti ina uhusiano gani na mpira? Uhusiano ni mkubwa. Mpira hukua kwa kutembeleana. Timu ya mji mmoja huenda mji wa pili, hupigwa mabao matano, hurudi nyumbani na haya yake, hufanya mazoezi, mwaka wa pili hulipiza. Kwa njia hiyo ligi huzaliwa, na baada ya ligi watu hudai uwanja mzuri, kwa kuwa hakuna apendaye kumkaribisha mgeni mahali pabaya. Wilaya iliyofungwa haikuwa na mgeni wa kumshinda wala wa kumkaribisha. Shule nazo, ambazo ndizo zilizokuwa kitalu cha mpira kwingineko, zilifika huko kwa kuchelewa sana na zilikuwa chache. Kijana wa mfugaji alikuwa na kazi yake ya kutwa nyuma ya ngamia, wala hapakuwa na mtu wa kumpigia filimbi.

MIAKA YA TAABU

Uhuru wa Kenya ulipokaribia, watu wa N.F.D. waliulizwa wanataka nini. Tume ya mwaka 1962 iliona kwamba wengi wao, na hasa Wasomali, walitaka kujiunga na Somalia. Haikuwa hivyo. Mwaka 1963 uliundwa Mkoa wa Kaskazini Mashariki ndani ya Kenya, na Garissa ukawa makao yake makuu. Mnamo Desemba 1963, siku chache tu baada ya bendera mpya kupandishwa, serikali ilitangaza hali ya hatari katika nchi hiyo, na vita vya shifta vikaanza. Mwaka 1966 watu wa mkoa walilazimishwa kukaa katika vijiji vilivyolindwa na askari. Mifugo mingi ilipotea, na mfugaji asiye na mifugo hana pa kwenda ila mjini. Mitaa mingi ya maskini iliota pembeni mwa miji kwa namna hiyo. Mapatano yalifanywa Arusha mwezi wa Oktoba 1967, Rais Kaunda wa Zambia akiwa mpatanishi, na vita vikaisha. Lakini sheria za hali ya hatari hazikuondolewa. Zilikaa mpaka mwaka 1991, yaani miaka 28.

Katika miaka hiyo ndipo lilipotokea jambo ambalo haliwezi kuachwa katika habari ya viwanja vya Garissa.

Mwanzoni mwa mwezi wa Novemba 1980 watu wenye silaha waliwashambulia maofisa wa serikali mjini, wakawaua baadhi yao. Askari waliingia katika mtaa wa Bulla Kartasi, maana yake mtaa wa makaratasi, na mtaa ule uliteketea kwa moto. Wakazi wa mji walikamatwa pasipo kuchagua, wakapelekwa katika uwanja wa Shule ya Msingi ya Garissa. Waliwekwa hapo siku tatu, juani, bila chakula wala maji. Watu waliuawa, wanawake waliaibishwa, na wengine waliotoka makwao siku ile hawakurudi tena. Waswahili husema, wapiganapo tembo nyasi huumia. Na siku zile nyasi zilikuwa ni mama, watoto na wachuuzi wa maziwa.

Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, iliyokabidhi ripoti yake mwezi wa Mei 2013, iliyaandika mambo hayo pamoja na yale ya Wagalla, karibu na Wajir, ya mwezi wa Februari 1984. Huko Wagalla watu walikusanywa katika kiwanja cha ndege. Msomaji ataona kwamba mara zote mbili mahali palipotumika ni mahali peupe pa umma. Si ajabu. Mahali pafaapo kuwakusanya watu ili wafurahi, pafaa vile vile kuwakusanya ili waadhibiwe. Ardhi ni ile ile, ukubwa ni ule ule. Tofauti imo katika nia ya yule aliyewaita.

Kwa hiyo mzee wa Garissa anaposikia neno uwanja, huenda asifikiri kwanza juu ya mpira. Kijana wa miaka ishirini wa mwaka 1980 sasa amekwisha kupita sitini. Watoto wa shule hiyo walikimbilia mpira juu ya mchanga ule ule, na mikutano ya hadhara na swala za Idi zikaendelea kufanywa hapo.

AHADI YA UWANJA

Mwaka 2013 ulileta mambo mawili mapya. La kwanza ni serikali za kaunti, zilizoanzishwa kwa Katiba ya mwaka 2010. Garissa ilipata gavana wake na bunge lake, na kwa mara ya kwanza fedha za maendeleo zilipangwa na watu waliochaguliwa pale pale. La pili ni ahadi. Muungano wa Jubilee, katika ilani yake ya uchaguzi, uliahidi kujenga viwanja vitano vikubwa vya michezo: Kisumu, Mombasa, Nakuru, Eldoret na Garissa.

Jina la Garissa katika orodha hiyo lilikuwa jambo kubwa kuliko saruji na vyuma. Miji minne ya kwanza ilikuwa na sifa ya michezo tangu zamani. Eldoret ni mji wa wakimbiaji, Kisumu ina mashabiki wengi wa Gor Mahia, Nakuru ina uwanja wake wa Afraha, na Mombasa ilicheza mpira kabla ya miji mingi ya bara kuzaliwa. Garissa haikuwa na lolote la kuonyesha ila vijana wake na vumbi. Kutajwa pamoja na miji hiyo kulikuwa ni kuambiwa kwamba nanyi mmo katika hesabu ya nchi, na safari hii si hesabu ya kipande.

Lakini ahadi ni deni. Uchaguzi wa mwaka 2017 ulifika na deni lile halijalipwa. Baadaye, katika muhula wa Gavana Ali Korane, kaunti yenyewe ilianza kazi ya kujenga uwanja mjini.

Kabla ya hapo mji ulikuwa umepatwa na pigo jingine. Tarehe 26 Machi 2015 Rais Uhuru Kenyatta alisimama Bungeni, akaomba radhi kwa niaba ya serikali kwa maovu yaliyofanywa siku za nyuma, akatangaza mfuko wa shilingi bilioni 10 wa kuwasaidia walioumizwa. Siku saba baadaye, alfajiri ya tarehe 2 Aprili, wauaji wa Al-Shabaab waliingia katika Chuo Kikuu cha Garissa wakaua watu 148, wengi wao wanafunzi. Serikali iliweka amri ya kutotoka nje kutoka saa kumi na mbili na nusu jioni mpaka saa kumi na mbili na nusu asubuhi.

Hapa msomaji azikumbuke zile saa mbili za mchezo. Saa kumi na mbili na nusu ndiyo saa ya magharibi. Mchezaji atakaye kuwamo ndani ya nyumba yake saa hiyo hana budi kuondoka uwanjani mapema, hasa akitoka bulla ya mbali. Hivyo saa mbili zikawa saa moja, na saa yenyewe ilikuwa ya wasiwasi. Chuo kilifunguliwa tena mwezi wa Januari 2016. Watu waliporudi katika madarasa na katika viwanja, walikuwa wanajibu kwa vitendo lile swali waliloulizwa na wauaji, kama mji huu ni wa kuishi au wa kukimbiwa.

MAJI NA MAJANI

Wako watu wadhanio kwamba kujenga uwanja ni kujenga jukwaa. Mkulima ajua zaidi. Uwanja wa mpira wa kimataifa una urefu wa mita 105 na upana wa mita 68, yaani mita za mraba 7,140. Majani yakihitaji milimita tano tu za maji kwa siku, uwanja mzima wahitaji lita 35,700 kila siku. Hayo ni madumu ya lita ishirini 1,785. Katika mji ambao mikokoteni ya punda hupita mitaani ikiuza maji, hesabu hiyo si ndogo. Mama anunuaye madumu manne ana haki ya kuuliza kwa nini majani yanywe mengi namna hiyo. Majani ya bandia hayanywi, lakini hushika moto wa jua hata kumchoma mchezaji nyayo.

Mto upo, tena karibu, lakini nao una tabia zake. Mwezi wa Novemba 2023, na tena Aprili na Mei 2024, Tana ulifurika, ukafunika mashamba na kuikata barabara karibu na Madogo. Watu walivuka kwa mashua, na mashua moja ilizama ikapoteza roho za watu. Siku kama hizo hapana timu iwezayo kuja wala kwenda. Kwa hiyo uwanja wa Garissa hauwezi kujengwa peke yake. Barabara iinuliwe isifikwe na mafuriko, maji yagawanywe kwa akili, na vivuli viwekwe kwa watazamaji. Uwanja ukikosa hayo utakuwa kama bakuli zuri lisilo na chakula.

Wachezaji wapo tayari. Timu za bulla hushindana kwa wivu mkubwa, na timu moja ya Garissa, Berlin FC, imepata kucheza katika mashindano ya vijana ya Chapa Dimba dhidi ya timu za kwingineko. Hata katika kambi za wakimbizi za Dadaab, zilizoanza mwaka 1991, mpira ni sehemu ya maisha ya kila jioni. Huko Marsabit, iliyokuwa sehemu ya ile N.F.D. ya zamani, mwanasheria Fatuma Abdulkadir Adan alianzisha mashindano ambayo kila timu lazima ichanganye vijana wa makabila mbalimbali, ili wajifunze kupiga mpira wafunge bao badala ya kupiga bunduki waue. Baadaye aliwaleta wasichana pia. Aliyewahi kupewa pasi nzuri na mtoto wa kabila jingine huona uzito kumwita adui.

MLANGO NA LANGO

Siku hizi Kenya yote inazungumza habari za viwanja. Mwezi wa Agosti 2025 mashindano ya CHAN yalichezwa Kenya, Uganda na Tanzania, na nchi hizo tatu zilipewa kuandaa pamoja Kombe la Mataifa ya Afrika la mwaka 2027. Tena sherehe za taifa zimekuwa zikizunguka katika kaunti, na kila kaunti inayozipata hujengewa au hutengenezewa uwanja. Mwaka 2025 ilitangazwa kwamba sherehe za Madaraka za mwaka uliofuata zingefanyika Wajir. Mwezi wa Februari mwaka huo huo wa 2025 Rais William Ruto alitia sahihi, huko huko Wajir, tangazo la kuondoa uchunguzi wa ziada waliofanyiwa watu wa mipakani walipoomba kitambulisho.

Mambo hayo mawili, kitambulisho na uwanja, yaonekana kuwa mbalimbali, lakini ni jambo moja. Kwa muda wa karibu miaka mia mtu wa Garissa aliitwa uwanjani ili aonyeshe kipande, ahesabiwe, aambiwe amri, au aadhibiwe kwa kosa la mwingine. Atakapoingia uwanjani kwa tiketi yake mwenyewe, akakaa mahali alipopachagua, akampigia kelele refa na asiogope, akatoka kwa hiari yake na kwenda kuswali, hapo ndipo uwanja utakapokuwa umejengwa kweli, hata kama jukwaa lake ni dogo.

Mpaka siku hiyo ifike, mchezo wa bulla hausimami. Alasiri ikipita vijana wa Iftin hutafuta mawe manne, wakapima hatua na kugawana pande mbili. Wazee hukaa kivulini wakiwatazama. Wengine kati yao huwatazama wachezaji, na wengine huutazama mchanga. Kisha adhana hulia na mpira huchukuliwa nyumbani, lakini mawe huachwa pale pale, yawangojee kesho.